Meno Juu ya Sanduku

Nyinyi vijana wa umeme munasema "fida". Juzi nilipita pale munapochimba mashimo ya mapoto mapya, nguzo za umeme, nikasikia kijana mumoja anamuita mwenzake, "Zima fida namba mbili!" Nikacheka peke yangu mpaka nikakohoa. Fida namba mbili! Kitu kinachoweza kukuua, weye unakipa namba kama mufungwa wa gereza. Sisi tulikipa jina, na jina lenyewe lilikuwa linakuambia namna ya kukiogopa.

Nakaa hapa Nchelenge, kando ya ziwa. Miguu haitaki tena ngazi, macho yanaona ziwa lakini hayafiki ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa umeme, tangu miaka ya hamsini, mbele ya uhuru, kwenye nyumba ya barafu iliyokuwa upande wa Kabuta. Mwenyewe alikuwa muzungu mununuzi wa samaki, aliyetokea Katanga. Tulimuita Bwana Barafu, na alijua tunamuita hivyo. Kibemba hakujua hata cha kusalimia, na Kiswahili chake kilikuwa cha kugombeza tu. Basi pale kazini watu wa Kabuta, wa Chienge, wa ng'ambo ya ziwa kule Kilwa ya Katanga, wote tuliongea Kiswahili. Nyumbani Kibemba, kwa mashini Kiswahili. Habari hii nimejaribu kuisema kwa Kibemba, luga ya mama yangu, inanikwama kooni. Kwa hiyo pokeeni hivi hivi.

Waya munene uliotoka kwenye mashini ya kutoa umeme kwenda kwenye ubao wa umeme tuliuita "mama", kwa sababu wote walinyonya kwake. Kutoka kwenye ubao ilitoka "mikono" mitatu. Hiyo ndiyo munayoita fida. Mukono wa kwanza ulikwenda kwenye barafu, wa pili kwenye karakana ya mitumbwi, na wa tatu, mukono murefu, ulipita juu ya mapoto mpaka hospitali ndogo ya misioni. Kila mukono ulikuwa na "vidole" vyake vilivyoingia vyumbani. Na ampuli ya mwisho kabisa, ile taa ya choo cha Bwana Barafu, iliitwa "ukucha". Ukisikia asubuhi mutu anasema ukucha umekatika, ujue Bwana alikaa gizani, na siku hiyo hakuna kucheka.

Kwenye ubao kila mukono ulikuwa na vipande vyake vya kauri nyeupe vyenye kushika waya mudogo wa kukatika. Hivyo, fyuzi zenu za leo, tuliviita "meno". Mukono wenye meno unauma. Ukitaka kuugusa, ng'oa meno kwanza.

Aliyenifundisha haya yote ni Ba Mulenga. Alikuwa mutu wa Kabuta, mufupi, kifua kipana, aliyefanya kazi miaka mingi ng'ambo katika mashini za Katanga, akarudi na maneno haya pamoja na baiskeli moja. Hasira zake zilikuwa karibu. Wiki yangu ya kwanza nilitoa meno ya mukono wa karakana, nikapiga kelele kama mutu muzima, "Ba Mulenga, mukono umekufa!" Alikuja akanipiga kofi la kisogo.

"Weye Chola, nani amekuambia umekufa? Ulifanya kilio? Uliuzika?"

"Hapana, Ba Mulenga."

"Umelala. Sema umelala. Chenye kulala kinaamuka."

Tangu siku ile sikusema tena umekufa. Hata leo mujukuu wangu akiniambia redio imekufa, namuambia imelala, naye anaona babu amezeeka vibaya.

Alinifundisha pia kumuuliza "shahidi". Shahidi alikuwa kopo lenye ampuli mbili ndani na nyaya mbili ndefu. Unagusisha nyaya, ampuli zikiwaka, moto wa umeme uko, zikikaa kimya, mukono umelala. Lakini Ba Mulenga hakumuamini shahidi kwa neno moja. "Muulize kwanza mahali unajua moto uko, aseme kweli. Kisha muulize mahali unataka kugusa. Kisha rudi tena mahali pa kwanza. Labda amelewa katikati ya njia." Mafundi wengi wa siku hizi wenye vipimo vya betri hawafanyi hivyo, nimewaona, na sijui ni nani anawalinda.

Msifikiri nilikuwa mwanafunzi mwema. Kuna siku nilipaka mafuta ya samaki kwenye viungo vya ubao ili visishike kutu. Niliona akili yangu imefunguka. Asubuhi panya wote wa Kabuta walikuwa ndani, wametafuna ngozi ya nyaya mpaka shaba. Faustini, mutu wa Kilwa aliyekuwa anapakia barafu, alicheka akalala chini juu ya magunia. "Chola amewapikia wageni!" Ba Mulenga hakucheka. Alinikalisha siku mbili nafunga nyaya zile kwa tepu, moja moja, na yeye akija kuvuta kila moja aone.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya meno. Mimi nilikuwa mutu wa ubao, yeye mutu wa mapoto. Kabla hajapanda, ninang'oa meno ya mukono ule, nampa mukononi, ananiangalia usoni, anayatia mufukoni, anakwenda. Akiwa juu na meno yako mufukoni mwake, hata shetani hawezi kumuwashia moto. Akimaliza anashuka, anakuja kwa miguu yake, ananirudishia mukononi, tunaangaliana tena. Si juu ya meza, si kwa kutuma mutu. Siku hizi munafunga kufuli na kutundika kibao chenye jina lenu. Ni vizuri. Ni sheria ya Ba Mulenga ile ile, imevaa nguo nyingine.

Tulifanya hivyo miaka miwili. Kisha nikamuona Ester.

Ester alikuwa binti yake wa pili, aliyekuwa anamuletea baba yake chakula kazini. Sitawaambia alikuwa muzuri namna gani. Yanatosha haya, kwamba nilianza kunawa uso saa ya chakula. Wazee wangu walipeleka insalamu, ile zawadi ya kwanza ya kuomba mwanamuke, na wakaipokea. Siku nilipokwenda kulima shamba lao kama tulivyoagizwa, Ester aliniletea maji ya kunywa. Alipiga magoti, akanipa kikombe kwa mikono miwili, macho chini. Nilikunywa polepole ili asiondoke.

Lakini nyinyi munajua desturi, au labda munaisikia tu. Ukishakuwa mukwe, wakwe zako unawaogopa. Mama mukwe humuangalii, humusemeshi, mukikutana njiani unaingia majanini. Na baba mukwe vilevile, humupi kitu mukono kwa mukono kama mutu wa rika lako, na mbaya kuliko yote, musionane mukila. Mpaka siku wanapokupikia na kukuingiza rasmi nyumbani, ukwingisha tunavyosema, ndipo unakula mbele yao na uoga unaisha. Sisi tulikuwa tumepanga siku hiyo baada ya mavuno ya mihogo.

Ba Mulenga mwanzoni alikataa. Asubuhi ya kwanza baada ya insalamu niligeuza uso nikimpa meno, na yeye akanishika kidevu.

"Niangalie. Kazini hakuna mukwe. Mukwe yuko nyumbani."

Tulifanya vile siku chache. Halafu mutu fulani, watu wa Kabuta hawakosi mudomo, akapeleka habari kwa muke wake, Bana Ester. Kwamba mukwe wenu anaangaliana na Ba Mulenga macho kwa macho, wanapeana vitu mikononi kama watoto wanacheza. Bana Ester alikuwa muimbaji wa kanisa, mutu wa heshima zake. Alilia aibu. Alimuambia mume wake kwamba wanamudharau binti yake kabla hajaolewa. Ester ndiye alinitumia neno kupitia Faustini: mama hataki.

Ndipo likaja lile sanduku. Lilikuwa sanduku la mbao la samaki, nililigeuza juu chini ndani, karibu na mulango wa nyumba ya ubao wa umeme. Nang'oa meno, naweka juu ya sanduku, natoka nje, nageuza mugongo. Ba Mulenga anaingia, anachukua, anakwenda. Akimaliza anarudisha juu ya sanduku, anatoka. Mimi narudi, nikiona meno yako pale, najua ameshuka, nayarudisha mahali pake. Wiki nyingi lilifanya kazi bila foti, bila kosa hata moja. Faustini kila akipita alipiga hodi kwenye mbao zake: "Odi, Ba Sanduku! Mukwe hajambo?" Hata Ba Mulenga mwenyewe alianza kulipenda. Nilimsikia anamuambia mutu wa karakana, "Huyu kijana ana adabu." Mimi nikavimba kifua. Mungu anisamehe, nilivimba kweli.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, saa za chakula karibu. Kulikuwa na kibano kilicholegea kwenye poto la tatu la mukono murefu, kazi ndogo, ya kukaza tu. Niling'oa meno, nikayaweka juu ya sanduku, nikatoka. Njaa ilikuwa inanikata. Nikakaa kivulini kando ya mulango, nikafungua bukari yangu, ugali wa mihogo, na chisense, dagaa wa ziwani kwetu, nikaanza kula. Mashini ilikuwa inanguruma nyuma yangu, sikusikia kitu kingine. Nilikula nikamaliza, nikanawa. Nikaingia ndani.

Meno yalikuwa juu ya sanduku.

Nikasema moyoni, tayari? Leo amefanya upesi. Kibano kimoja tu, si kazi. Nikayachukua nikayatia mahali pake, moja, mbili, tatu.

Mashini ilikohoa. Mara moja tu, kama mutu aliyepaliwa, kisha ikaendelea. Nyinyi mutaisikia sauti hiyo siku moja, naomba musiisikie kwa mukono wenu wenyewe. Nilijua. Niling'oa meno yale, nikakimbia nje. Alikuwa chini ya poto la tatu, amelala kwa ubavu, kofia mbali, shahidi wake amevunjika kando. Nilimuita kwa jina lake, mimi mukwe, nikamushika uso kwa mikono yote miwili. Hakunigombeza.

Nilimubeba mpaka hospitali ya misioni nikisaidiwa na watu wa karakana. Sista akaweka sikio kifuani, akatikisa kichwa.

Jioni ile Bwana Barafu akaniita biro, ofisini kwake. "Meno yalikuwa wapi?"

"Niliyang'oa niliposikia mashini inakohoa, Bwana."

Hayo yalikuwa kweli. Musijifunze kusema kweli ya namna ile. Aliandika kwamba mufanyakazi alipanda bila kukata moto. Kwenye kilio watu walikamilisha wenyewe: kwamba muzee alikunywa pombe ya katubi asubuhi, kwamba ndiyo sababu alisahau, kwamba alikuwa anakunywa kwa siri tangu zamani. Ba Mulenga alikuwa hanywi hata togwa iliyolala siku mbili. Nilimuona Bana Ester kwa mbali, kati ya wanawake, amefunika kichwa na kitenge. Muimbaji yule hakuimba. Wanawake wa kanisa waliimba bila yeye, na wengine walikuwa wananong'ona.

Faustini alinivuta kando, nyuma ya mitumbwi.

"Nilikutana naye njiani," akasema. "Alikuwa anatoka upande wenu, mikono mitupu. Nikamuuliza, Ba Mulenga, meno? Akaniambia, mukwe wangu anakula mulangoni, nitapita wapi? Nitamuonea aibu. Meno yametoka, nimemuona amekaa nje, kazi yake ya ubao imekwisha. Nitamuuliza shahidi kule juu."

Nilikaa kwenye mchanga.

"Na shahidi alimuambia kweli," nikasema. "Mukono ulikuwa umelala."

"Ulikuwa umelala."

"Mimi ndiye nimeuamusha."

Faustini akaangalia huku na huku. "Nyamaza, ndugu yangu. Yeye ndiye aliyeacha meno. Weye utajuaje? Bwana ameandika, karatasi imekwisha. Ukisema, utampoteza Ester, na muzee hatafufuka. Mimi sikuona kitu. Nakuapia, sikuona kitu."

Alikuwa rafiki wa kweli, Faustini. Siku nne nilifuata neno lake. Nililala na kuamka na neno lake. Mchana nilikwenda kazini nikaangalia lile sanduku, na kila mutu aliyepita alisema, pole Chola, baba mukwe alikosa akili siku ile. Nikaitikia, ndiyo. Ndiyo! Mutu aliyeniambia nimuulize shahidi mara tatu, nikakubali mbele ya watu kwamba hakuwa na akili. Wahenga wanasema majuto ni mujukuu. Mimi kwangu alizaliwa siku ile ile, na hajazeeka mpaka leo.

Siku ya tano nilikwenda. Sikutuma mutu. Nilipita katikati ya kijiji muchana, nikaingia uani kwa Ba Mulenga, nikamukuta Bana Ester amekaa juu ya mukeka na dada zake wawili, Ester akitwanga mihogo mikavu kando. Wanawake waliponiona nakuja mbele moja kwa moja walishituka, mumoja akataka kumufunika dada yake uso. Nilipiga magoti. Nikamuangalia mama mukwe wangu usoni, mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya Ester.

Nilisema yote. Meno, sanduku, chisense, namna alivyogeuka njiani ili asinionee aibu, namna nilivyotia meno bila kumuona. Nilisema, "Mume wenu hakunywa kitu. Alifanya kila kitu sawasawa. Ni mimi."

Mchi wa Ester ulikuwa umesimama. Bana Ester alikunjakunja pindo la kitenge chake.

"Heshima ile," akasema mwisho, "niliitaka mimi."

Dada yake akasema, "Hapana, ndugu yangu, usiseme hivyo," lakini yeye alimunyamazisha kwa mukono. Akaita, "Ester. Leta bukari."

Ester hakuelewa. Wala mimi.

"Leta bukari ya wageni iliyobaki. Na samaki."

Chakula kikaletwa. Bana Ester akachukua sahani mwenyewe, akaiweka mbele yangu, mukeka mumoja, karibu hivi. Akakaa akiniangalia.

"Kula," akasema. "Mimi si mama mukwe wako tena. Kula nikuone."

Ndivyo alivyonifukuza, wajukuu. Kwa chakula. Siku ile niliyokuwa naingojea baada ya mihogo, siku ya kula mbele yao kwa vigelegele, ilikuja vile, kwa sahani moja na bila wimbo. Nilinawa. Nilikata tonge, nikalitia mudomoni, nikameza, naye anaangalia. Kila tonge alikuwa anaangalia. Nilijua nikiacha kidogo tu nitakuwa nimekataa hukumu yake, kwa hiyo nilimaliza sahani yote, sikuacha hata mwiba.

Nilipomaliza aligeuka kwa dada zake, akasema kwa sauti ya juu ili jirani wasikie, "Mumesikia? Mulenga hakuwa mulevi." Jumapili ile wakaniambia aliimba tena kanisani. Ester baadaye aliolewa kule Mwansabombwe, na watu husema alipata mutu mwema.

Mimi nilirudi kazini, nikapasua lile sanduku kwa shoka, nikalichoma. Bwana Barafu akaniuliza samaki watakaa wapi. Tangu hapo nimefundisha vijana wengi. Wengine walikuwa wakwe zangu, wengine wapwa, mumoja alikuwa shemasi wa kanisa. Wote niliwatia meno mukononi na kuwashika kidevu, wakiona aibu wasione. Mutu wa juu ya poto hana ukwe na mutu wa chini mpaka ashuke. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia, na nyinyi kaendeleeni na fida zenu na namba zenu.

Lakini mukiniuliza ni nini ninachokiona usiku usingizi ukikataa, si poto la tatu. Naona pale uani, baada ya mimi kumeza tonge la mwisho. Ester alikuja kuchukua sahani. Nilingoja apige magoti. Hakupiga. Alisimama wima mbele yangu, akaniangalia usoni, akaichukua sahani kwa mukono mumoja, akaenda kuiosha.